Kitabu cha Marinos wa Tiro kilichopotea: mwongozo kamili wa kukichunguza kwa kompyuta

Karibu mwaka 150 baada ya Kristo, mjini Aleksandria, Klaudios Ptolemaios aliandika Jiografia yake, na katika kitabu cha kwanza cha kazi hiyo alitumia sura nyingi kubishana na mwanajiografia mmoja, Marinos wa Tiro, aliyemtangulia kwa miaka isiyo mingi. Kitabu cha Marinos hakipo. Haujasalia muswada wake hata mmoja, wala ukurasa, wala kipande cha mafunjo, na karibu yote tunayoyajua kumhusu yamepitia kwenye kalamu ya mpinzani wake. Hata hivyo, ndani ya mabishano hayo wamo wasafiri wawili ambao msomaji wa pwani yetu atawaelewa bila kuhitaji tanbihi. Diogenes, akirudi kutoka India, alipokaribia Aromata kwenye Pembe ya Afrika alishikwa na upepo wa kaskazini, akasukumwa siku 25 nchi kavu ikiwa mkono wake wa kulia. Theophilos, mmoja wa waliokuwa wakisafiri Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, aling'oa nanga Rhapta, bandari ya kale ya pwani hiyo, kwa upepo wa kusini na kufika Aromata siku ya ishirini. Mmoja alichukuliwa na kaskazi, mwingine akapanda na kusi.

Nimemchagua Marinos kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ya kikazi: ushahidi wake ni mdogo kiasi cha mtu mmoja kuumaliza kwa kompyuta ya kawaida, lakini unahitaji karibu kila mbinu inayotumika leo katika kuchunguza maandishi ya Kigiriki na Kilatini yaliyopotea. Ukizimaliza hatua hizi kwake, utaweza kuzitumia kwa Agatharchides wa Knidos aliyeandika kuhusu Bahari ya Shamu, au kwa mwanahistoria yeyote wa Kirumi anayejulikana kwa nukuu tu.

Unahitaji kompyuta, programu ya majedwali, kihariri cha matini tupu na, baadaye kidogo, ujuzi wa awali wa lugha ya programu ya Python. Unahitaji pia Kigiriki. Huhitaji kuwa bingwa, lakini anayetegemea tafsiri peke yake atakwama katika hatua ya nne, kwa kuwa mpaka kati ya sauti ya Marinos na sauti ya Ptolemaios mara nyingi umebebwa na kitenzi kimoja ambacho mfasiri anaweza kukihamisha au kukiacha. Tafsiri ya Kiingereza ya sura za nadharia iliyotolewa na Berggren na Jones mwaka 2000 ni msaidizi mzuri sana. Iweke kando ya Kigiriki, isikae mahali pake.

Hatua ya kwanza: weka mipaka ya unachokitafuta

Wasomi wa fani hii huita kila kilichosalia cha kitabu kilichopotea "kipande", na neno hilo hupotosha. Kigae cha chungu kilichovunjika bado ni chungu: udongo ni uleule, na rangi ni ileile. Maneno ya Marinos ndani ya Ptolemaios si kigae cha namna hiyo. Yamechaguliwa na mtu aliyetaka kuonyesha makosa yake, yakafupishwa, na mara nyingine yakapangwa upya ili yajibiwe kwa urahisi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu yoyote, gawa utakachokipata katika aina tatu. Ya kwanza ni nukuu, yaani maneno yenyewe ya mwandishi. Ya pili ni muhtasari, yaani wazo lake kwa maneno ya mwingine. Ya tatu ni ushuhuda, yaani habari kuhusu mtu huyo au kitabu chake, kama vile alikiandika lini au alikirekebisha mara ngapi.

Kwa Marinos, eneo la kazi ni hasa sura ya 6 hadi ya 20 ya kitabu cha kwanza cha Jiografia. Katika sura ya 6 Ptolemaios anamsifu kwa bidii yake na kwa wingi wa habari alizokusanya. Sifa hizo nazo ni ushuhuda, ziandike, hata kama sura zinazofuata zinambomoa mtu huyohuyo.

Hatua ya pili: tafuta mashahidi wengine

Usitosheke na shahidi mmoja anayejulikana na wote. Kwa maandishi ya Kigiriki, ghala kubwa kuliko yote ni Thesaurus Linguae Graecae, lililoanzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Sehemu yake kubwa hulipiwa, lakini lipo toleo fupi la bure. Maktaba ya kidijitali ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts iko wazi kwa wote, na mradi wa Open Greek and Latin hutoa faili zenyewe, unazipakua na kuzichakata nyumbani. Kwa Kilatini, anza na mkusanyo wa Packard Humanities Institute, ambao unatafutika mtandaoni bila malipo. Mafunjo yaliyochapishwa utayapata katika papyri.info.

Kwa Marinos kuna shahidi ambaye watafiti wanaojua Kigiriki na Kilatini tu humpita kwa urahisi. Ni al-Mas'udi, msafiri wa karne ya 10 aliyefika hadi Qanbalu katika nchi ya Zanj. Katika Kitab al-Tanbih, aliyoiandika mwishoni mwa maisha yake, anasema kwamba miongoni mwa ramani alizoziona zimo zile za Jiografia ya Marinos. Matini za Kiarabu za enzi hiyo zimekusanywa katika mradi wa OpenITI na zinapakuliwa bure. Wasomaji wa Kiswahili wanaosoma Kiarabu, na si wachache Unguja, Lamu na Mombasa, wana uwezo hapa ambao idara nyingi za Kigiriki na Kilatini hazina.

Ushahidi huo una mgogoro ndani yake. Katika sura ya 17 Ptolemaios anaeleza kwamba Marinos, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kufika kwenye kuchora ramani katika toleo lake la mwisho. Al-Mas'udi anasema aliona ramani. Huenda zilichorwa na mtu wa baadaye, huenda zilikuwa za toleo la mapema, huenda jina liliwekwa kwenye kitabu kisicho chake. Usiuamue mgogoro huo sasa. Andika shuhuda zote mbili na uziunganishe kwa namba ili zisomwe pamoja daima.

Hatua ya tatu: pata matini na uisafishe

Toleo la Jiografia la Nobbe la mwaka 1843 hadi 1845 na lile la Müller, lililoanza kutoka mwaka 1883, yamepita muda wa hakimiliki na skani zake zimo kwenye Internet Archive. Pakua kurasa kwa ubora wa juu kabisa unaopatikana. Ili kugeuza picha kuwa herufi, tumia Tesseract kwa kuchagua modeli yake ya Kigiriki cha kale, au Kraken, ambayo unaweza kuifundisha kwa kurasa chache ulizozisahihisha kwa mkono. Baada ya hapo soma kila mstari dhidi ya picha. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Sura kumi na tano si nyingi, na ukizisoma hivyo utakuwa umezifahamu kuliko ungezisoma kwa namna nyingine yoyote.

Hapa pana mtego ambao ulinipotezea siku mbili. Nilitafuta neno ambalo nililiona wazi kwenye skrini, na programu ikasema halipo. Sababu ni kwamba katika mfumo wa Unicode alfa yenye mkazo ina nambari mbili, U+03AC na U+1F71, na kwa macho zote ni ά ileile. Faili moja ilitumia ya kwanza, nyingine ya pili. Dawa yake ni kupitisha faili zote kwenye usawazishaji unaoitwa NFC kabla ya jambo lolote lingine. Kwa Python ni mstari mmoja:

unicodedata.normalize("NFC", matini)

Tengeneza pia nakala ya pili ya kila faili iliyoondolewa mikazo, pumzi na herufi kubwa, na ambamo sigma ya mwisho (ς) imegeuzwa kuwa ya kawaida (σ). Nakala hiyo ni ya kutafutia tu. Ile yenye alama zote ndiyo ya kunukuu, na zisichanganywe.

Hatua ya nne: tenganisha sauti

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na nakusihi uipe muda mrefu kuliko nyingine zote. Chukua habari ya Diogenes katika sura ya 9. Diogenes alisimulia safari yake. Marinos, ama kwa kusikia ama kwa kusoma, akaiingiza katika kitabu chake. Ptolemaios akaitoa humo na kutuletea, akiitanguliza kwa kitenzi φησί, "anasema". Diogenes anadaiwa kufika kwenye maziwa ambamo Nile hutoka, na kwamba Rhapta iko kusini kidogo ya hapo. Kisha, katika sura ya 17, Ptolemaios anarudi kwenye jambo hilo na kusema kuwa amejifunza kutoka kwa wafanyabiashara kwamba maziwa hayo hayako karibu na bahari, yako ndani sana barani. Kwa hiyo sentensi moja kuhusu maziwa ina tabaka nne: baharia, mwanajiografia aliyepotea, mwanajiografia aliyesalia, na wafanyabiashara wasiotajwa majina. Anayeandika tu kwamba "Marinos alisema Nile hutoka karibu na Rhapta" amezibana zote nne kuwa moja, na hakuna kompyuta itakayomrudishia alichokipoteza.

Fungua jedwali, upe kila dai mstari wake, na uweke safu hizi: mahali katika Jiografia, maneno ya Kigiriki, msemaji wa kwanza, aliyeandika, anayetuletea, kitenzi kinachofungua habari, aina (nukuu, muhtasari au ushuhuda), kiwango cha uhakika, na maelezo. Mstari wa Diogenes utakuwa hivi:

Mahali: 1.9
Msemaji wa kwanza: Diogenes
Aliyeandika: Marinos
Anayetuletea: Ptolemaios
Kitenzi: φησί
Aina: muhtasari
Uhakika: wa juu kwa upepo na siku 25, wa chini kwa maziwa
Maelezo: linganisha na 1.17, ambako anayetuletea anasahihisha

Safu ya uhakika isiachwe wazi hata mara moja, na ukibadili mawazo, andika tarehe na sababu. Mipaka ya nukuu haionyeshwi kwa alama za kunukuu, kwa kuwa waandishi wa kale hawakuwa nazo. Alama unazoziona kwenye toleo la chapa ni uamuzi wa mhariri wa karne ya 19. Kinachoonyesha mpaka ni lugha yenyewe. Katika sura ya 7 Ptolemaios hubadilika na kusema kwamba ananukuu kutoka sehemu ya tatu ya kazi ya Marinos κατὰ λέξιν, neno kwa neno. Maneno hayo mawili ni ya thamani kubwa, kwa sababu yanatupa mahali ambapo tunaweza kuamini kwamba tunasoma Kigiriki cha Marinos mwenyewe.

Jedwali likishatulia, lihamishie kwenye faili za XML (matini zenye alama zinazosomwa na kompyuta) kwa kufuata kanuni za TEI, au za EpiDoc ambazo zimetengenezwa kwa maandishi ya kale. Usikate vipande na kuviweka peke yake kwenye faili. Acha maandishi ya Ptolemaios yakiwa kamili, kisha weka alama mahali ambapo sauti ya Marinos inaanza na inapokoma, ili msomaji akibofya kipande aone sentensi zinazokitangulia na zinazokifuata. Matoleo makubwa ya karatasi ya vipande, kama lile la wanahistoria wa Kigiriki lililotolewa na Müller katika karne ya 19, hayakuwa na nafasi ya kufanya hivyo, na vizazi vya wasomi vilizoea kusoma vipande vilivyoelea hewani. Kila sehemu ipe anwani ya kudumu kwa mfumo wa CTS, ambao hutaja mwandishi, kazi na mstari kwa namba badala ya ukurasa wa toleo fulani. Kwa mfano, mstari wa kwanza wa Iliadi ya Homeros ni urn:cts:greekLit:tlg0012.tlg001:1.1.

Hatua ya tano: tafuta kwa shina la neno

Kigiriki hubadili mwisho wa neno na pia huhamisha mkazo. Jina la mtu wetu huonekana kama Μαρῖνος, Μαρίνου, Μαρίνῳ na Μαρῖνον, kwa hiyo tafuta μαριν kwenye nakala isiyo na mikazo. Utapata pia watu wengine wenye jina hilo, akiwemo mwanafalsafa Marinos wa Neapolis aliyeandika maisha ya Proklos karne kadhaa baadaye. Watenge kwa mkono, na uhifadhi orodha ya uliowakataa pamoja na sababu, kwa kuwa mtafiti mwingine atawapata walewale. Vipo pia vifurushi vya Python kama CLTK vinavyorudisha kila neno kwenye umbo lake la kamusi. Vinasaidia sana kwa vitenzi, lakini hukosea kwa majina ya mahali yasiyo ya kawaida, na pwani ya Azania imejaa majina hayo.

Kuhusu modeli za lugha zinazojibu maswali kwa maandishi: zitumie kukusaidia kuandika msimbo au kukumbuka sarufi. Ukiziomba kipande cha Marinos, zinaweza kukupa Kigiriki kizuri ambacho hakuna mtu wa kale aliyewahi kukiandika. Sheria yangu ni kwamba hakuna neno linaloingia kwenye jedwali pasipo picha ya ukurasa au muswada nyuma yake.

Hatua ya sita: tafuta maneno yaliyotumika tena

Mwandishi aliyepotea mara nyingi hukaa ndani ya wengine bila kutajwa jina. Programu kama passim na TRACER huchukua matini mbili, huzikata katika mifuatano mifupi ya maneno, na kuonyesha mahali mifuatano hiyo inapofanana. Kabla ya kuziamini, zipe swali ambalo jibu lake unalijua. Jaribio ninalolipenda ni kitabu cha tatu cha mwanahistoria Diodoros wa Sisilia pamoja na muhtasari wa Photios, msomi wa Bizanti, namba 250 katika Maktaba yake. Wote wawili walikuwa na kazi ya Agatharchides mbele yao, na wote wanaeleza mateso ya wachimba dhahabu kusini mwa Misri. Programu isipouona ulingano huo, legeza vipimo vyake: fupisha mfuatano, tumia maumbo ya kamusi, ondoa viunganishi.

Kisha linganisha sura ya 17 ya Ptolemaios na Periplus ya Bahari ya Erythra, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Programu itawaka kwa majina: Opone, Apokopa, Sarapion, Nikon, Rhapta. Usikimbilie kusema mmoja alimnakili mwingine. Wasafiri wawili wa basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha watataja Chalinze, Korogwe, Same na Moshi kwa mpangilio huohuo bila kuonana, kwa sababu barabara ndiyo iliyopanga orodha. Pwani nayo hupanga orodha yake. Ushahidi wa kunakili ni kosa la pamoja, au neno lisilo la lazima linalojirudia mahali pamoja.

Kuna kitu kingine katika Periplus ambacho hakuna programu iliyokionyesha, nami nakiweka hapa kwa sababu kinatuhusu. Mwandishi wake anasema jina Rhapta limetokana na vyombo vya kushonwa, na kwa Kigiriki ῥαπτά ni "vilivyoshonwa". Anayejua mtepe, jahazi la mbao zilizofungwa kwa kamba za nazi bila misumari, anajua baharia yule alikuwa akitazama nini.

Watu huuliza kuhusu kupima mtindo wa uandishi kwa takwimu, kwa mfano kwa kifurushi cha stylo. Kwa Marinos, acha. Nukuu zake za neno kwa neno ni fupi mno kwa vipimo hivyo.

Hatua ya saba: rudi kwenye miswada, hasa kwa namba

Jiografia imetufikia kwa miswada iliyonakiliwa zaidi ya miaka 1,100 baada ya kuandikwa. Miwili ya muhimu kuliko mingine, Urbinas graecus 82 na Vaticanus graecus 191, ni ya karibu mwaka 1300, na picha zake zimo kwenye tovuti ya Maktaba ya Vatikani. Mara nyingi picha za namna hii hutolewa kwa mfumo wa IIIF, unaokuwezesha kuzifungua mbili kando kwa kando na kuzikuza hadi uone wino. Andika upya usomaji wa kila muswada, kisha tumia CollateX kuzipanga sambamba na kuonyesha zinapotofautiana.

Angalia namba kuliko maneno. Wagiriki waliandika namba kwa herufi: Α ni 1, Δ ni 4, Λ ni 30. Kwa herufi kubwa za kale, mkwaruzo mmoja hutenganisha Δ na Λ, na mnakili aliyechoka hubadilisha latitudo ya mji bila kuharibu sarufi ya sentensi. Neno likiharibika msomaji hushtuka, lakini namba iliyoharibika hupita kimya.

Hatua ya nane: hesabu, nyota na ramani

Uzuri wa mwandishi wa jiografia ni kwamba anachosema kinaweza kupimwa. Katika nukuu ya sura ya 7, Marinos anasema kwamba Dubu Mdogo huanza kuonekana wote, bila nyota yake hata moja kuzama, kwa mtu aliye stadia 500 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki) kaskazini ya Okelis, bandari iliyokuwa kwenye mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Anaiweka Okelis kwenye digrii 11 na 2/5. Anaongeza kwamba, kwa mujibu wa mwanaastronomia Hipparchos, nyota ya kusini kabisa ya kundi hilo, ile ya ncha ya mkia, iko digrii 12 na 2/5 kutoka ncha ya mbingu. Marinos alihesabu digrii moja kuwa stadia 500. Jumlisha: 11 na 2/5, ongeza 1, unapata 12 na 2/5. Hesabu inafunga. Kwa hiyo, muswada ukikupa mojawapo ya namba hizo tatu kwa sura tofauti, zile mbili nyingine zitakuambia kosa liko wapi.

Sasa fungua Stellarium, programu ya bure ya kuonyesha anga. Weka mwaka -129, ambao ndio 130 kabla ya Kristo kwa hesabu ya wanaastronomia wenye mwaka sifuri, na upime umbali kati ya nyota ya ncha ya mkia, ambayo leo tunaiita Nyota ya Ncha, na ncha ya mbingu. Utapata karibu digrii 12.4, sawasawa na Hipparchos. Sogeza mwaka hadi 100 baada ya Kristo, na umbali umeshuka hadi takriban digrii 11, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole. Marinos basi hakutazama juu mwenyewe. Alichukua namba ya zaidi ya miaka 200 kabla yake akaitumia kama ilivyo. Ninapoonyesha jambo hili kwa mara ya kwanza kwa mtu, hapo ndipo mwandishi aliyepotea anapoanza kuwa mtu: tunajua alikuwa na kitabu gani mezani.

Kwa ramani, tumia QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, na uchukue mahali pa kale kutoka orodha ya Pleiades. Weka tabaka tatu tofauti: madai ya Marinos, masahihisho ya Ptolemaios, na ufuo halisi. Marinos aliupeleka ulimwengu unaokaliwa hadi digrii 24 kusini ya ikweta, yaani stadia 12,000. Ptolemaios akaurudisha hadi digrii 16 na dakika 25. Upana wa mashariki na magharibi nao aliupunguza kutoka digrii 225 hadi 180.

Jaribu pia safari ya Theophilos. Ptolemaios anataja kipimo cha stadia 1,000 kwa siku moja ya mchana na usiku, na anakilalamikia kwamba pepo hazitulii kiasi hicho. Siku 20 zingekuwa stadia 20,000. Ukichukua stadia moja kuwa mita 185, hizo ni kilomita 3,700. Pima kwenye QGIS mstari kutoka Ras Asir, ndiyo Aromata ya kale, hadi eneo la Dar es Salaam, ambako si mbali na mahali Rhapta inapodhaniwa ilikuwa: ni kama kilomita 2,450. Hata ukiongeza mipindo ya pwani, Theophilos hakwenda stadia 1,000 kila siku. Malalamiko ya Ptolemaios yalikuwa na haki. Andika kipimo cha stadia ulichokitumia ndani ya faili ya ramani, kwa kuwa wasomi hawakubaliani juu ya urefu wake na atakayekuja baadaye atataka kubadilisha.

Kuhusu maandishi mapya yanayofufuliwa

Upo upande mwingine wa fani hii, wa picha na mionzi, ambao mtu mmoja nyumbani hawezi kuufanya lakini anapaswa kuufuatilia. Ngozi zilizofutwa na kuandikwa upya hupigwa picha kwa mwanga wa mawimbi mbalimbali hadi wino wa chini ujitokeze. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kwa njia hiyo sehemu ya orodha ya nyota ya Hipparchos imesomwa katika Codex Climaci Rescriptus, muswada uliotoka kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai. Mwaka 2023 ikatangazwa maandishi ya Ptolemaios mwenyewe kuhusu kifaa chake cha kupimia anga, yaliyofichwa katika muswada wa Maktaba ya Ambrosiana mjini Milano. Kwa hati za kukunja zilizounguzwa na Vesuvio huko Herculaneum, skani za mionzi na mashine zilizofunzwa zimeanza kusoma safu nzima za maandishi bila kuzikunjua, na zawadi ya dola 700,000 ilitolewa Februari 2024 kwa vijana watatu waliofaulu. Data za mradi huo ziko wazi, na unaweza kujiunga. Usimtafute Marinos humo, kwani Vesuvio ililipuka mwaka 79, kabla ya vitabu vyake. Mtafute, ukipenda, chini ya maandishi ya Kiarabu au ya Kisiria kwenye ngozi zilizofutwa, na anza na orodha za miswada zilizokwisha kuwekwa mtandaoni.

Hatua ya mwisho: hifadhi kwa namna ya kusahihishwa

Tumia Git, programu ya kutunza historia ya faili, tangu siku ya kwanza ili kila badiliko liwe na tarehe na sababu. Kazi ikifikia toleo la kwanza, iweke Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN, upate kitambulisho cha kudumu, na uipe leseni huria ili wengine waitumie. Weka faili tatu pamoja: matini yenye alama, jedwali la madai, na maelezo ya maamuzi yako, yakiwemo uliyoyakataa. Andika maelezo hayo kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine yoyote utakayoitumia. Safu moja ya jedwali iachie tafsiri ya Kiswahili ya kila dai, na katika mistari ya Diogenes na Theophilos andika kaskazi na kusi mahali pa Ἀπαρκτίας na Νότος, ukitenga katika maelezo kile kilichosemwa na Kigiriki na kile unachokijua wewe kuhusu miezi ambayo pepo hizo huvuma.